Wimbo wa Nyuma ya Kanga

Kivuko chetu kilitengenezwa kwa friza mbili mbovu. Mume wangu ni fundi wa majokofu, na uani kwetu Makorora zilikuwepo friza ambazo wenyewe walizileta zitengenezwe wakasahau kuzirudia. Akazilaza chali, akaziunganisha kwa mbao, akazifunga magurudumu ya toroli, akazipaka rangi nyeupe na ukanda wa buluu. "Haya, Mama watoto," akasema, "panda." Nikapanda. Gurudumu moja likachomoka pale pale, nikaangukia kopo la rangi. Wanangu watatu walicheka mpaka mdogo akajikojolea. Nilipandisha, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira za karibu, halafu nikacheka na mimi, kwa sababu hasira zangu hazijui kukaa. Gauni lile bado ninalo. Nalifanyia usafi wa jikoni.

Nilikuwa natunga mchezo wa nyimbo. Si ngonjera za siku ya wazazi shuleni, la, mchezo mzima wa saa mbili, watu wanaimba badala ya kusema. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na walimu wenzangu waliposikia walinitazama kama mtu aliyetangaza kwamba atafuga twiga. Mchezo wenyewe ni huu: harusi inatakiwa kufungwa, watu wa bwana harusi wako ukingo huu wa mto, wa bibi harusi wako ukingo ule, na kivuko kimegoma. Kutwa nzima pande mbili zinaimbiana juu ya maji. Zinasalimiana, zinatambiana, zinagombania pilau inayopoa, zinatukanana kwa adabu, mwisho zinapatana. Mto sikuupa jina, ili asije mtu akaniambia kivuko chao hakijawahi kuharibika.

Wazo nililipata Pangani, nikiwa na mimba ya huyu binti mdogo. Tulikuwa tunangoja pantoni tuvuke kwenda Bweni kwenye harusi, masufuria yako chini, jua linawaka. Tulichelewa kwa makosa yetu wenyewe, maana shangazi yangu, dada yake baba, alirudi ndani mara tatu kutafuta udi wake. Wenyeji wetu ng'ambo wakatuona tumesimama. Mwanamke mmoja akaanza kutuimbia kijembe kuhusu wageni wanaokuja na njaa badala ya zawadi. Shangazi yangu si mtu wa kuachia kijembe kipite. Akapandisha kanga, akajibu. Wakajibu nao. Mpaka pantoni linafika tulikuwa tumeshaoana na kuachana mara mbili. Nikajisemea moyoni, huu si usafiri, huu ni mchezo.

Ukachukua miaka sita. Ukinyonyesha, ukisahihisha madaftari, ukipika, ukifua, mchezo unauandika lini? Niliandika nyuma ya karatasi za majaribio ya kidato cha pili. Niliandika kwenye mfuko wa unga, nikaja kuukuta umewasha jiko. Nyimbo nilizirekodi kwenye simu, na kila wimbo una mtoto analia ndani yake na mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Binti yangu mkubwa alifikia kulalamika kwa baba yake kwamba katika nyumba hii hata kuomba ruhusa ya kwenda dukani mtu anaambiwa, "Rudia, lakini kwa sauti ya pili."

Aliyeniokoa ni mwalimu wa kwaya kutoka Pongwe. Babu yake alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, na familia yao ya Kilutheri imebaki huku tangu hapo, wote wanaimba, hata kuku wao nadhani wanajua sauti zao. Alikuwa anakuja na pikipiki, kinanda amekifunga blanketi mgongoni mithili ya mtoto. Mimi naimba, yeye anaandika do-re-mi kwa mwandiko mzuri wa kuonea wivu. Mtu mpole, mwenye bidii, asiye na utani hata chembe. Ukimwambia "wimbo huu unauma," anakuuliza unauma wapi.

Sasa huo wimbo wa mwisho. Kwa miaka mitano sikuwa nao. Kivuko kikishatengenezwa, wanawake wa pande mbili wanakutana katikati, wanamchukua bibi harusi, na hapo lazima uimbwe wimbo ambao unamaliza maneno yote. Nilitunga tisa. Zote za kuchosha. Halafu siku moja namwogesha mdogo kwenye beseni, namsugua magoti yaliyopakaa masizi, nikajisikia naimba kitu. Kikaja chenyewe, polepole, kinapanda, kinashuka, kinarudi nyumbani. Nikamwacha mtoto na povu kichwani nikakimbilia simu. Alipiga kelele mtaa mzima ukatoka, nami nimesimama uani nalia kwa furaha. Kitu kizuri vile kimetoka kwangu! Nilijiona mtunzi haswa.

Tukaanza mazoezi kwenye ukumbi wa zamani karibu na reli. Wanawake walikuwa kumi na wawili. Watano ni wa kwaya ya mwalimu, saba ni wa kwetu pwani: wa Kigombe, wa Pangani, na kiongozi wao mama mmoja anayekaanga samaki Ngamiani, sauti yake ukiisikia unaweza kuacha mume. Siku nilipowafundisha ule wimbo wa mwisho, wale watano walitazama karatasi. Wale saba walitazamana. Kisha mama wa samaki akakohoa, akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumcheza. Nikauliza kuna nini. "Hakuna, mwalimu," akasema. "Wimbo mtamu." Wakauimba siku ile ile bila kukosea hata pumzi moja, kama walionyonya nao. Mwalimu wa kwaya akapigwa na butwaa. "Dada Mwalimu," akaninong'oneza, "hawa wana kipaji." Mimi nikavimba kichwa. Nikajua ni ufundi wa utunzi wangu. Lo! Majivuno hayana macho.

Wiki tatu kabla ya onyesho, shangazi akaja kututembelea kutoka Kigombe.

Huyu shangazi ndiye somo yangu. Nilipomaliza kidato cha nne yeye ndiye aliyeniingiza ndani, kwenye unyago, akanifunda kama alivyofundwa yeye: ngoma, nyimbo, adabu, na maneno ya utu uzima ambayo mwanamke haambiwi barabarani. Ya ndani hubaki ndani. Wanaume hawayajui, watoto hawayajui, na hata wanawake wawili wanaoyajua hawayataji mbele ya asiyeingia. Kila mwaka wasichana wa ukoo wakichezwa unyago, shangazi aliniita. Na mimi, mwalimu wa mjini, nilikuwa na udhuru kila mwaka. Mitihani. Mtoto ana homa. Mara ya mwisho nilikwenda kabla sijajifungua mtoto wa pili. Hakunigombeza. Aliita tu tena mwaka uliofuata.

Basi aliingia uani na kikapu cha samaki wakavu wa ng'onda na nazi, nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba mwanangu, mbona umekonda, huyu fundi wako anakulisha gesi za friji?" Hata hajakaa, yule binti yangu mdogo akatokea anakokota ufagio, anaimba ule wimbo wa mwisho. Shangazi akatua kikapu. Akamsikiliza mtoto wa miaka sita mpaka mwisho wa ubeti. Akafungua pindo la kanga, akatoa kashata, akamtia mtoto mdomoni. "Tafuna," akasema.

Kabla sijauliza, kutoka nyuma ya friza mume wangu akaanza kuupiga mluzi. Anachomelea bomba, hana habari, anapiga mluzi ubeti wa pili wote. Shangazi akageuka taratibu. Na hapo, haki ya Mungu sitii chumvi, pikipiki ikaingia, mwalimu wa kwaya akashuka na kinanda chake mgongoni, anaimba kwa sauti nzito ya kanisani, mikono ameinua anaongoza kwaya isiyokuwepo. "Shikamoo bibi!" akasema kwa uchangamfu. "Umesikia wimbo wetu?"

"Hata wanaume," akasema shangazi. Hakumwambia yeye. Alijisemea.

Akanishika mkono akaniingiza chumbani, akafunga mlango na komeo. Akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia nimeutunga mimi. Akauliza tena. Nikapandisha, nikamwambia shangazi, nakuheshimu, lakini kila kitu nikifanya mimi lazima kiwe cha mtu mwingine? Miaka sita nakesha na watoto na madaftari, leo nimepata wimbo mmoja wa maana naambiwa si wangu? Aliniacha nimalize. Halafu akakaa juu ya sanduku langu la nguo, akaanza kuligonga kwa viganja, kwa kasi, namna ile inavyogongwa huko ndani, na juu ya kasi ile akavumisha sauti ya wimbo wangu. Ile ile. Nilikuwa nimeipunguza mwendo tu na kuivua ngoma, ndiyo maana sikuitambua. Mtu unayemjua akivaa nguo za mwenzie unaweza kupishana naye sokoni.

Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya pande mbili: nimetoa cha ndani nikakifundisha wanaume na watoto, na mimi si mtunzi hodari niliyedhani. Nikaanza kulia. Shangazi hakunibembeleza.

"Na wale wanawake wazima saba?" akauliza. Maana nilikuwa nimeshamweleza habari ya mazoezi. Jioni hiyo mama wa samaki aliitwa, akaja amepiga magoti tangu mlangoni. "Shangazi, tulijua ana ruhusa yako," akasema. "Na tungemwambiaje? Kila siku mwalimu wa kwaya yuko pale pale na penseli yake." Hapo ndipo penye balaa lenyewe. Jambo ambalo halitajwi, hata ukilikosea hakuna wa kukutajia. Miezi miwili watu saba waliniona natembea na shati nimeligeuza, na adabu ikawazuia kusema.

Hukumu ya shangazi ilikuwa fupi. Wimbo urudi ndani. Na mimi nikae nje. "Aliyetoa cha ndani hukaa nje," akasema. "Ngoma ikipigwa sitakuita."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuite."

Akala chakula chetu, akasifu mchuzi, akaondoka na gari la asubuhi. Mtu atasema, ala, si ulikuwa huendi hata ukiitwa? Ndiyo. Ndivyo na mimi nilivyojiambia. Lakini mlango usioingia kwa sababu hutaki na mlango usioingia kwa sababu umekatazwa ni milango miwili. Nilikuwa nasahihisha madaftari nasikia viganja vyake kwenye sanduku. Mwaka ule binti wa dada yangu alikuwa anamaliza kidato cha nne. Yeye angeingia, wenzangu wote wangeingia, mimi ningekaa nje na watoto kumenya vitunguu.

Ikabaki kuwaambia watu kwamba wimbo hakuna. Mwalimu wa kwaya aliniuliza sababu. Nikamwambia siwezi kusema. Akafikiri amekosea yeye. "Nimeupandisha sana? Naweza kuushusha nusu sauti." Nikamwambia si habari ya kupanda wala kushuka. "Basi ni besi," akasema kwa huzuni, "nilijua besi." Maskini, alikwenda nyumbani akawafanyisha besi mazoezi ya adhabu wiki nzima. Mume wangu alinitazama usoni, akatazama komeo la chumba, akasema, "Ni mambo ya kwenu?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena, akabadilisha mluzi. Kwa hilo peke yake nilimpenda upya.

Kazi ikawa kwa mdogo. Ukimkataza mtoto wimbo ndiyo umemfundisha. Nikamwambia wimbo umelala, tusiuamshe. Akakubali. Ila alikuwa ananijia sikioni mara kwa mara, ananong'ona, "Mama, bado umelala?" Bado, mwanangu. "Ukiamka utaniambia?" Nikamwambia kale uji.

Nikatunga wimbo mpya wa mwisho. Mbaya. Nikatunga mwingine, mume wangu akasema unafaa kwa tangazo la sabuni, nikamrushia mwiko. Niliunguza wali mara tatu wiki ile, binti mkubwa akachukua jiko kimya kimya na kuniondoa. Zikabaki siku kumi na mbili. Nilishaanza kufikiria kuwaambia watu tuahirishe, na nilijua tukiahirisha ndiyo basi, maana watu wazima wenye kazi na watoto hawakusanyiki mara mbili.

Siku moja nikachelewa mazoezi. Nafika ukumbini, nakuta wanaume wote nane wako nje kwenye ngazi. Mlango umefungwa. Wanawake, walisema, wako ndani wanajaribu nguo za harusi, wamewatoa. Kutoka ndani zinasikika nyayo, kicheko, mtu anagonga ndoo, kisha kimya, kisha kicheko kikubwa zaidi. Na wale wanaume! Huyu ameegemea ukuta anajifanya hajali. Huyu anasema, "Wanatusema sisi." Huyu wa tatu anasema, "Wanakusema wewe." Na mwalimu wa kwaya, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, ameinama ameweka sikio kwenye tundu la ufunguo, na penseli mkononi.

"Wanasema nini humo?" akaniuliza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Walidhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia mwalimu, andika hayo hayo uliyosema, kwa do-re-mi. Kabla ya mlango kufunguliwa tulishapata mishororo miwili:

*Wanasema nini humo, mbona mimi simo ndani?*
*Bibi harusi ni wangu, nimekaa barazani!*

Ndivyo mchezo ungekwisha. Wanawake wa pande mbili wanakutana, wanafunga pazia la kanga zilizoshonwa pamoja kutoka ukuta hadi ukuta, wanaingia na bibi harusi. Hakuna wimbo wa ndani. Ni ngoma, nyayo na kicheko tu. Wanaume wa pande mbili, waliogombana kutwa, wanabaki nje pamoja, wanasukumana kwenye pazia, wanaimba ujinga wao. Wanapatana kwa sababu wote hawajui.

Lakini sikuthubutu bila ruhusa. Jumamosi nikaenda Kigombe, nikamkuta shangazi uani kwake anatia samaki chumvi. Nikamweleza kila kitu nimesimama. Nilipofika kwa mwalimu wa kwaya na tundu la ufunguo, aliweka kisu chini. Nilipomwimbia ule ubeti wa wanaume alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye chumvi, ikamwasha, akacheka na kulia pamoja. "Na pazia?" akauliza alipotulia. "Kanga za siku hizi ukizinyoosha mbele ya taa mtu anaona mpaka mawazo." Nikamwambia zitakuwa mbilimbili. "Na ngoma anapiga nani?" Nikamwambia mama wa samaki. Akasonya. "Yule ana sauti. Mikono hana. Nitakuja mwenyewe. Si nitakuwa nyuma ya kanga? Nani ataniona?"

Nilifurahi nikataka kumkumbatia. Akaniinulia kidole. "La mchezo nimekubali. Lako bado."

Nikamwambia nimesikia.

Onyesho tulifanya alasiri, ukumbi ukajaa, watu wakakalia madirisha. Walikuja wa Pangani, walikuja wa Pongwe na makoti ya kanisani, walimu wenzangu wakaja kutazama twiga. Binti mkubwa alikuwa mlangoni anaelekeza watu kwa ukali kunishinda mimi. Mwanangu wa kiume ndiye aliyekuwa nahodha wa kivuko, na mdogo alikuwa mbuzi wa harusi, mwenye masikio ya kadibodi. Nilikuwa nimemwandikia kulia mara moja. Alilia mara kumi na moja, kila mara watu wakicheka anaongeza, mpaka bwana harusi akasahau maneno akamjibu, "Mee na wewe!" Kivuko kikachomoka gurudumu lile lile. Mume wangu akatoka pembeni na nyundo, amevaa bukta na fulana ya kazini, akaligonga mbele ya watu wote, akaondoka. Alipigiwa makofi kuliko mtu yeyote siku ile. Mpaka leo anadai yeye ndiye mhusika mkuu.

Kisha ukafika mwisho. Wanawake kumi na wawili wakakutana katikati, wakamzunguka bibi harusi, wakavuta zile kanga. Ndani ngoma ikaanza, na mikono ile niliijua. Nyayo zikaingia. Wanawake waliokaa kwenye viti wakasikia mdundo tu, bila neno, wakajua. Nikaona mmoja anamgusa mwenzie goti, mwingine anajifunika mdomo kwa ushungi, kisha kigelegele kikatoka nyuma kabisa, kikajibiwa mbele. Waume zao wanageuka huku na huku, "Nini? Kuna nini?" Na jukwaani wanaume wangu nane wanaimba, na mwalimu wa kwaya kwenye kinanda anaimba kuwashinda wote, kwa uchungu wa kweli, maana yeye hakuwa anaigiza.

Mimi nilisimama pembeni ya pazia, nimemshika mbuzi wangu mkono. Kila kitu kilikwenda nilivyotaka. Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Miaka sita yangu ilikuwa pale mbele yangu, imesimama kwa miguu yake. Na kile kiitikio nilichokiandika kwenye ngazi kwa kuwacheka wanaume, *mbona mimi simo ndani*, kikawa kinanisema mimi. Wanawake wote wa mchezo wangu walikuwa upande wa pili wa kitambaa, hatua moja, nasikia hata wanavyohema. Machozi yakanitoka, na si ya furaha. Niseme kweli: ningekubali mchezo wote uanguke, niitwe.

Mdogo akanivuta gauni. "Mama, wimbo umeamka?"

Pale kanga mbili zilipokutana mkono ukatokea, mkavu, wenye pete ya fedha na harufu ya udi. Uliuendea mdomo wa mbuzi bila kupapasa, ukamtia kashata. Ukarudi ndani. Nikamtazama mwanangu anavyotafuna, masikio ya kadibodi yanacheza. Nikasikia ngoma imebadilika, inapigwa na mikono mingine, isiyo hodari.

Mkono ukatoka tena. Safari hii ulinishika mimi, kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu ya mtu anayevuta wavu.

"Na mimi!" akapiga kelele mdogo, mdomo umejaa.

"Kaa na baba," nikamwambia. "Siku yako ipo."

Nikainama, nikaingia. Shangazi akafunga kanga nyuma yangu, akazishika kwa mkono mmoja zisiachane. Nje wanaume wanauliza tunasema nini humo. Mwalimu wa kwaya ananiuliza mpaka leo, kila akija na kinanda chake. Hata yeye simwambii, na hapa siandiki.